Kujua Si Kuweza: Wazee Wetu na Miaka ya Korona



Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu alitutaka kila mmoja aandike makala ya mafunzo juu ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake, si la kunakili kitabuni. Wenzangu wamechagua majani chai, mawe ya Tabaka na ajali za bodaboda. Mimi nimemchagua magokoro wangu, yaani nyanya mzaa baba, na jinsi yeye na wazee wenzake walivyojikinga na korona. Najua kuna atakayesema, "Aa, korona tena! Si ilikwisha?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Ninayo sababu.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, darasa la sita. Shule zilifungwa Machi 2020 na sisi wa darasa letu hatukurudi hadi Januari 2021. Muda huo wote nilikaa nyumbani na magokoro, nikajifanya polisi wa korona. Siku moja jirani alipita akitoka shambani, magokoro akampa mkono. Nikamkemea mbele ya watu: "Magokoro, kwani hujui?" Alinitazama tu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua."

Neno hilo moja ndilo limezaa makala haya. Kama alijua, mbona alitoa mkono?

Ili nipate jibu, likizo ya Agosti niliketi na magokoro na wazee wachache wa kilima chetu karibu na Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaupitia. Sikuwaandikia majina yao humu kwa kuwa walizungumza nami kama mjukuu, si kama mwandishi wa gazeti.

UGONJWA NA UMRI

Kwanza tukumbushane. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Machi, serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Kufikia Mei 2023, Shirika hilo liliposema kuwa hali ya dharura imekwisha, zaidi ya Wakenya 5,600 walikuwa wamerekodiwa kufa kwa ugonjwa huo.

Virusi vya korona husafiri kwa matone na hewa itokayo kinywani na puani mtu akikohoa, akiimba au akizungumza karibu nawe. Kijana akiambukizwa, mara nyingi hupata homa na kikohozi kisha akapona. Mzee ni tofauti. Kinga ya mwili hupungua kadiri umri unavyosonga, na wazee wengi wana presha au kisukari, maradhi ambayo huupa ugonjwa huu nguvu. Ndiposa wazee walitajwa kila siku redioni.

Katiba yetu ya 2010 inamwita mzee mtu aliyepita miaka sitini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Humo wamo wazee wetu, na wengi wao wanaishi na wajukuu, kama mimi na magokoro. Mtoto anayecheza na wenzake mchana ndiye anayelala chumba kimoja na mzee usiku. Kwa hivyo kinga ya mzee haikuwa mikononi mwake peke yake.

WALIJUA NINI?

Nilipoanza kuuliza, nilidhani nitakuta wazee wasiojua kitu. Nilijidanganya. Wazee wetu ni watu wa redio. Redio ya magokoro hulia tangu alfajiri, na stesheni za Ekegusii kama Egesa FM ziliwaletea habari kwa lugha wanayoiota usingizini. Mzee mmoja wa miaka zaidi ya themanini alinitajia yote bila kukosea: kunawa mikono kwa sabuni, kuvaa maski, kukaa mbali na mwenzako, kukohoa kwenye kiwiko na kutoshika uso. Mimi mwenyewe nilisahau la kiwiko!

Habari za kweli walikuwa nazo, ila zilikuja zimechanganyika na za uongo. Mwishoni mwa Machi 2020 uvumi ulienea magharibi mwa Kenya kwamba mtoto mchanga amezaliwa akasema, ati watu wanywe chai ya rangi bila sukari na hawatapata korona. Kwetu simu ililia usiku wa manane. Shangazi alikuwa anatuamsha tuwashe moto. Tuliinywa, ndugu msomaji, chungu kama shubiri, sote tumejifunika mablanketi. Chai haizuii virusi, lakini angalia jambo hili: wazee wale walioambiwa ni wabishi waliamka usiku wa baridi na kutii mara moja. Kwa nini? Kwa sababu agizo lile lilitoka kwa mtu wao, liliwapa kitu cha kufanya kwa mikono yao, na majani chai yalikuwa jikoni tayari. Uongo ule ulikuwa rahisi kutenda kuliko ukweli.

MAHALI AMBAPO KUJUA KULISHINDWA

Sasa tuingie kwenye kiini. Nimeyapanga mambo yaliyowashinda wazee katika mafungu manne.

Kwanza, pesa. Kutembea hadharani bila maski kungeweza kukutoza faini ya hadi shilingi 20,000. Mzee aliyefikisha miaka sabini akiandikishwa katika mpango wa Inua Jamii alikuwa akipata shilingi 2,000 kwa mwezi. Piga hesabu: faini moja ni pesa za miezi kumi! Na pesa hizo zenyewe zilifuatwa kwenye foleni ndefu, wazee wakibanana kwa kuogopa kupitwa. Mzee mmoja aliniambia, "Nilijua nisimame mbali. Lakini ukiacha nafasi mbele yako, kuna mtu ataingia hapo." Matatu ya abiria kumi na wanne iliruhusiwa kubeba wanane tu, nauli ikapanda. Wazee waliokuwa wakifuata dawa za presha hospitalini wakakaa nyumbani. Kwa hivyo amri ya kuwakinga na ugonjwa mmoja iliwaacha wazi kwa mwingine.

Pili, maji. Kunawa mikono kila mara ni rahisi kwa mwenye mfereji. Kwa magokoro maji yako kwenye chemchemi chini ya mlima, na mtungi hupanda kichwani. Siku za kwanza alikuwa akinawa mara moja, asubuhi, "kwa niaba ya siku nzima," kama alivyosema akicheka.

Tatu, ibada. Makanisa yalifungwa Machi 2020. Yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi mia moja, saa moja tu, na asiingie mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu wala mtu wa zaidi ya miaka hamsini na minane. Kwetu sheria hiyo ilitufungia nje sote wawili, mjukuu na nyanya. Tuliketi mlangoni tukawatazama wengine wakipita na nguo zao nzuri. Magokoro alisema, "Wametuweka pamoja na watoto." Sikuelewa uchungu uliokuwemo. Mimi nilifurahi kukosa kanisa. Yeye aliyelibeba mawe ya kujengea kanisa lile akiwa msichana, aliambiwa akae nje kwa ajili ya usalama wake, na hakuna aliyekuja kumwambia ana kwa ana. Alisikia kwa redio.

Nne, na hili ndilo zito, matanga.

Magokoro alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa upande wa Nyamira. Mwezi wa Juni 2020 dada huyo alifariki kwa kisukari. Wakati huo mazishi yaliruhusiwa kuwa na watu kumi na watano tu wa familia. Asubuhi ya mazishi magokoro alivaa, akachukua fimbo yake, akafika mlangoni. Ni mimi niliyemzuia. Nilisimama mbele yake na kusema, "Magokoro, redio imesema watu kumi na watano." Alisimama kitambo. Kisha akarudi, akaketi kitandani na kuvua viatu, kimoja kimoja. Hakulia. Jioni hakula.

Miaka yote hii nilijivunia siku ile. Niliamini nimemwokoa. Mwaka huu nilipomuuliza, alinijibu hivi: "Ulisema kweli. Lakini redio haikusema ni watu gani kumi na watano."

Nilinyamaza. Baadaye nikamuuliza baba, ambaye alihudhuria. Walioingia katika hesabu ile walikuwa vijana wa kuchimba kaburi, wapwa waliotoka mjini na watu wa kushughulikia chakula. Dada wa marehemu, wa tumbo moja, hakuna aliyemkumbuka. Si kwamba sheria ilimkataza. Sisi tulijaza nafasi zote bila kumuuliza. Angeweza kwenda na maski yake, akasimama pembeni penye upepo kwa dakika chache, akarudi. Au pengine angeambukizwa njiani tukamzika yeye. Hadi leo siwezi kusema ni lipi lingetokea. Ninalojua ni kwamba aliamuliwa, hakushauriwa.

KILICHOWASAIDIA

Tusidhani kwamba kila kitu kilishindikana. Kuna mambo yaliyofaulu, na ukiyachunguza utaona yanafanana.

Mfano wa kwanza ni mita moja na nusu. Magokoro hakusoma hesabu za mita. Mhudumu wa afya wa kijijini alipokuja, hakumhubiria. Alichukua jembe lililoegemea ukuta na kusema, "Mama, kati yako na mgeni pawe na mpini huu na kipande kidogo zaidi." Tangu siku hiyo jembe lilikaa mlangoni. Mgeni akija, magokoro alilielekeza tu, watu wakacheka na kurudi nyuma.

Mfano wa pili ni kibuyu chirizi. Binamu yangu alifunga mtungi wa lita tano kwenye mti kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, maji yakawa yanatoka kidogo kidogo. Mtungi ule ulitosha mikono mingi, na hakuna aliyeshika kitu. Magokoro akaanza kunawa mara nyingi kuliko mimi, hata akawa ndiye anayenikemea.

Mfano wa tatu ulinishangaza zaidi. Nilimuuliza mzee wa jirani kama kuacha kusalimiana kwa mkono kulimsumbua. Akaniambia, "Sisi tunazo chinsoni." Wasomaji wasio Abagusii wajue kwamba chinsoni ni kanuni za heshima kati ya vizazi. Kwa kanuni hizo baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe, wala baba haingii ovyo katika nyumba ya mwana aliyeoa. Mzee akaendelea: "Tangu zamani tunajua kumheshimu mtu bila kumgusa. Kama wangetuambia kwamba korona imefanya watu wote kuwa wakwe kwa muda, tungeelewa siku hiyo hiyo." Tulicheka sana, lakini nadhani alisema jambo ambalo wataalamu wangelipa pesa kulisikia.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Yule jirani aliyepewa mkono na magokoro alikuwa amefiwa wiki ile. Kumnyima mkono mfiwa, bila neno lingine la kuchukua nafasi yake, kwake kulikuwa ni kumtupa. Redio ilimwondolea salamu ya mkono na haikumpa kitu badala yake.

Mfano wa nne ni chanjo. Dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Mwisho wa mwezi huo waliofikisha miaka 58 na zaidi waliruhusiwa kuchanjwa. Uvumi ulikuwa mwingi, ati chanjo inaua wazee ili serikali ipunguze mzigo. Magokoro alikataa. Baba alimweleza, akakataa. Mchungaji akamweleza, akakataa. Kilichombadilisha ni kovu.

Magokoro ana kovu la duara kwenye mkono wake wa juu, la chanjo ya ndui aliyodungwa utotoni. Mwenzake wa rika moja alikuja, akapandisha mkono wa nguo na kumwonyesha lake. Akamwambia, "Tulidungwa pamoja. Ndui iko wapi sasa?" Na ni kweli. Mgonjwa wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mnamo Mei 1980 dunia ilitangaza kwamba ndui imetoweka kabisa. Katika magonjwa yote ya binadamu, ndui ndiyo ya kwanza kufutwa duniani kwa chanjo, na ushahidi wake ulikuwa kwenye mikono ya nyanya zetu! Wiki iliyofuata wazee hao wawili walikwenda kuchanjwa, kila mmoja na fimbo yake, umbali wa mpini wa jembe kati yao.

Umeona mfanano wake? Jembe, kibuyu, chinsoni, kovu. Kila kilichofaulu kilikuwa kimeshakuwemo katika maisha ya mzee. Aliyemsaidia hakumletea elimu mpya tu, bali aliitafuta mahali pa kuishika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Janga lingine litakuja, la korona au la jina jingine. Mwaka 1918 homa kali iliyozunguka dunia iliingia Kenya kwa meli kupitia Mombasa, ikapanda bara kwa reli. Mwaka 2020 ilikuwa ndege. Ikija ya tatu, sisi tulio madarasani leo ndio tutakuwa madaktari, machifu, watangazaji na wazazi. Basi tuyashike haya:

1. Usimwulize mzee "Hujui?" Mwulize "Ni nini kinachokuzuia?" Swali la kwanza linamwaibisha, la pili linamfungua kinywa.

2. Sheria ikitaja idadi, waulizwe wazee ni nani aingie katika idadi hiyo. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kuishi kwa heshima. Hakisemi isipokuwa wakati wa ugonjwa.

3. Ukimwondolea mzee desturi, mpe nyingine ya kuishikilia. Mkono ukiondoka, pawe na neno, ishara au wimbo.

4. Uvumi usijibiwe kwa matusi. Chai ya usiku ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi. Tuufanye ukweli nao uwe rahisi.

5. Mtoto ajikinge kwanza. Mzee wa nyumbani hana ukuta mwingine.

Kinga ni bora kuliko tiba, hilo tunaliandika katika kila insha. Lakini kinga isiyouliza mtu anaishi vipi hubaki maneno ya ukutani.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimsomea magokoro, nikimfasiria kwa Ekegusii. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye matanga ya dada yake sauti ilinikwama, nikamwomba msamaha. Akasema mimi nilikuwa mtoto na hana deni nami. Kisha akaongeza: "Jumapili utanipeleka." Tulikwenda. Tulipanda matatu hadi upande wa Nyamira, tukatembea kwa miguu hadi bomani. Kaburi limeota nyasi na migomba imelizunguka. Alisimama pale akizungumza na dada yake polepole, muda mrefu, na mimi nikasimama nyuma yake, umbali wa mpini wa jembe na zaidi, nikimngojea amalize.

MSAMIATI

Barakoa – kitambaa cha kufunika mdomo na pua. Kwetu wengi husema maski.
Janga – balaa kubwa linalowapata watu wengi.
Kafyu – amri ya kutotoka nje saa fulani.
Kibuyu chirizi – chombo cha kunawia kinachotoa maji kidogo kidogo kwa kukanyaga kijiti.
Ndui – ugonjwa wa zamani wa vipele uliokuwa ukiua au kuacha makovu usoni.
Shubiri – dawa ya mmea iliyo chungu sana.
Uvumi – habari zinazoenea bila uthibitisho.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja sababu mbili zilizofanya uvumi wa chai ukubaliwe haraka kuliko maagizo ya serikali.
2. "Redio haikusema ni watu gani kumi na watano." Eleza maana ya usemi huu kwa maneno yako.
3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu ni agizo gani la korona lililomwumiza zaidi, na kwa nini. Andika jibu lake katika ukurasa mmoja. Usimkatize anapozungumza.